Ruhusa ya Kuwapa Wazee Mgongo

Iyunga, Mbeya
21 Januari 2024

Shangazi Faustina,

Shikamoo, na kamwene yetu ya Kihehe pia, maana bila hiyo ya pili utasema nimeshakuwa mtu wa Mbeya. Hapa kwa baba mdogo Boniface wote tunaamka wazima. Mahindi uliyotutumia yamefika, na baba mdogo anasema dada yake bado anamlisha kama mtoto. Mvua ni nyingi, nguo hazikauki. Matokeo ya kidato cha nne bado hayajatoka, na kila simu ya baba mdogo ikilia nadhani ndiyo hayo. Wewe na masikio yako ya siku hizi simu huisikii, umesema kwako ni kama nyuki ndani ya debe, kwa hiyo nitakuwa naandika. Marcelino atakuletea barua zangu akirudi Kalenga siku zake za mapumziko. Siku hizi ni konda wa basi la Iringa na ameota kitambi.

Sasa jambo lenyewe. Presha ya mama mdogo Juliana ilipanda baada ya mwaka mpya, daktari akamwambia afanye mazoezi. Akaona haya kwenda peke yake, akanichukua mimi ambaye nina haya kuliko yeye. Tulikwenda kwenye kiwanja karibu na nyumba za reli. Hapo kuna kikundi cha wastaafu wanaofanya mazoezi ya Kichina yanayoitwa taichi. Anayefundisha ni Mwalimu Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa aliyekuwa muuguzi. Alipokuwa kijana alipelekwa China kusoma, akawa anawaona wazee wakifanya mazoezi hayo kila asubuhi nje ya bweni lake, mwisho akajiunga nao.

Mimi niliposikia neno mazoezi nilidhani ni mchakamchaka. Mwalimu aliposema "tuanze", nikaanza: magoti juu, mikono mbele na nyuma, kama tulivyokuwa tukikimbia shuleni. Kwa aibu nilikuwa nimefumba macho, sikuona kwamba wenzangu wanakwenda kama asali inayomiminwa. Nilipofumbua, wazee wote walikuwa wamesimama wananitazama. Mzee Obeid, ambaye alikuwa dereva wa treni, akasema, "Mjukuu, treni yako imepita stesheni zote bila kusimama. Abiria tumebaki." Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini.

Sitarudi tena pale, Shangazi. Nilitaka tu ujue sababu.

Mwanao,
Bertha


Kalenga, Iringa
4 Februari 2024

Bertha mwanangu,

Marahaba. Kamwene. Barua yako imefika imekunjwa kwenye mfuko wa shati la Marcelino, inanuka dizeli. Mimi ni mzima. Maharage yanachanua. Jirani yangu Selestini ameanza kugema ulanzi, pombe yake ya mianzi, kwa hiyo jioni njia yote ni yake.

Matokeo yako nimeambiwa na mwalimu mkuu wa shule ya hapa, aliyeyaona kwenye simu yake. Daraja la pili! Wewe mwenyewe hukuniletea hata neno. Mtoto unaona haya hata kufaulu?

Kuhusu hayo mazoezi, kwanza niambie kama ndani yake kuna kuomba, au kuchoma ubani, au kuinamia picha. Kama hakuna, rudi. Sikukulea tangu mama yako alipofariki ili ufukuzwe na kicheko cha dereva wa treni. Mke wa Selestini nilimsomea barua yako, mumewe akasikia, akasema hiyo taichi yeye huifanya kila jioni akitoka kilabuni: polepole, mguu mmoja juu, mikono ikitafuta ukuta.

Mwambie Juliana apunguze chumvi.

Shangazi yako,
Faustina Kalinga


Iyunga, Mbeya
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kamwene. Pole na mfungo wa Kwaresima. Sisi tuko salama, ila baba mdogo alipata mafua na kutuamrisha wote kana kwamba ana ugonjwa mkubwa. Mama mdogo amepunguza chumvi, na baba mdogo analalamika kwamba mboga haina ladha. Nisamehe kwa habari za matokeo. Niliandika barua mara kadhaa nikaona kama najisifu.

Nilirudi kiwanjani kwa sababu wewe ulisema nirudi. Hakuna kuomba wala ubani. Kuna kusimama tu, na kusimama kwenyewe ni kazi kuliko kulima. Mwalimu Tusajigwe hutaja kila mwendo kwa jina lake la Kichina, halafu anatupa la kwetu. Sehemu ya kushika mpira usioonekana yeye anasema, "Shikeni boga." Mtu akilegeza mikono anapiga kelele, "Boga la watu hilo, utalipa!"

Nitakuandikia kitu kimoja ambacho nimekielewa, maana vingine bado. Anasema mguu ni kama ndoo. Kabla hujainua mguu wowote, unahamisha uzito wako wote uingie mguu mwingine, taratibu, kama unamimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile. Ndoo moja ikijaa kabisa, hiyo nyingine ni tupu, na ndoo tupu hata mtoto anainua. Ukiinua iliyo na maji bado, unaanguka. Goti lilegezwe kidogo, usishike pumzi, mabega yashuke. Mimi wiki za kwanza nilishika pumzi mpaka nikaona nyota, na mapaja yalitetemeka hata nikichuchumaa kuwasha mkaa.

Shida yangu kubwa haikuwa mapaja. Ukifanya kitu haraka, watu hawakuoni vizuri. Mimi nimeishi hivyo: kusalimia haraka, kujibu haraka darasani, kupita haraka. Taichi haina pa kujificha. Mkono unapanda polepole na kila mtu anauona unavyopanda. Halafu Mwalimu anataka macho yaende na mkono, na mimi nilikuwa natazama chini kwa kuwa mbele yangu ni wazee watupu. Akaniuliza, "Bertha, umepoteza sindano?" Nikamwambia ndivyo nilivyolelewa. Akasema, "Basi mkono ukishuka, tazama chini ushibe. Ukipanda, panda nao."

Juzi kulikuwa na ukungu, hatukuonana vizuri, na kwa mara ya kwanza sikujifikiria hata kidogo. Pumzi ilikuja yenyewe. Tulipomaliza nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mpangilio mzima nimeshaushika kichwani. Wazee wakisahau wananitazama mimi. Mzee Obeid anasema siku moja nitasimama mbele kama Mwalimu, nimewapa mgongo, wao wafuate. Nilicheka tu.

Mwanao,
Bertha


Kalenga, Iringa
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Bertha,

Marahaba. Kamwene. Leo tumetoka na matawi kanisani, mvua ikatunyeshea njiani, nimerudi nimelowa lakini mzima. Maharage nimevuna, nitampa Marcelino debe moja.

Barua yako nimeisoma na nimefurahi. Macho yafuate mkono, hilo nimekubali. Pumzi nzuri, sawa.

Mgongo sikubali. Unajua kwa babu yako mtoto alitoka chumbani mwa wazee kinyumenyume mpaka mlangoni. Mimi nilitoka hivyo, baba yako alitoka hivyo, na wewe nilikufundisha hivyo. Mwalimu wako wa Kinyakyusa ana umri wake na kazi yake, anaweza kusimama anavyotaka. Wewe una miaka mingapi hata watu wazima waone kisogo chako? Wafuate wazee ukiwa nyuma yao. Hapo nyuma kuna nafasi ya kutosha.

Pasaka njema kwenu wote.

Shangazi yako,
Faustina


Iyunga, Mbeya
28 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kamwene. Maharage yamefika na yameiva upesi, asante. Baba mdogo amepona na amerudi kulalamikia chumvi. Presha ya mama mdogo imeshuka, daktari alimpima mara mbili kwa kutoamini.

Nina ombi.

Mwalimu Tusajigwe ana mtoto wa jicho na anafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Tarehe nane Juni kuna bonanza la mazoezi la wazee hapa mjini, vikundi vinatoka mitaa yote. Chetu kimeshajiandikisha, na wazee wanaliongelea kama harusi. Mwalimu ameambiwa asichuchumae wala asiiname kwa muda, kwa hiyo anahitajika mtu wa kusimama mbele ambaye hasahau mpangilio. Alinitaja mimi.

Nilikumbuka maneno yako, nikatafuta njia. Nikasimama mbele yao nikiwa nimewageukia, tutazamane, nisimpe mtu mgongo. Shangazi, ilikuwa ajali. Mkono wangu wa kulia kwao uko upande wa kushoto. Nilisema "kulia", nusu wakafuata mdomo wangu na nusu wakafuata mkono. Mzee Obeid alikutana uso kwa uso na mama mdogo, wote mikono imefunguliwa, akasema, "Juliana, karibu, ila mume wako asituone." Mwalimu akasimamisha zoezi. "Bertha, unawaonyesha heshima kisha unawaangusha. Heshima gani hiyo?"

Nilimwambia mgongo si wangu kuutoa, ni lazima nimuulize shangazi. Akasema, "Muulize. Tunasubiri."

Kwa hiyo nakuuliza. Ukisema hapana nitawaambia, nao watajitoa. Ukisema ndiyo nitajaribu. Naomba jibu kwa Marcelino.

Mwanao,
Bertha


Iyunga, Mbeya
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kamwene. Sisi wazima.

Marcelino amesema barua yangu aliiacha kwa mke wa Selestini, kwa kuwa mlango wako ulikuwa umefungwa. Mke wa Selestini alimwambia wewe ni mzima. Nilimuuliza Marcelino kama alikuona kwa macho, akaanza kunieleza habari za bei ya tairi.

Umenikasirikia? Kama umekasirika, andika hivyo. Nimezoea hasira yako, huwa inakuja na maelezo. Kimya sijakizoea.

Mwalimu ameshapasuliwa, amevaa miwani myeusi na anapiga kelele vilevile. Wazee hawaniulizi kitu, lakini nikifika wananyamaza.

Bertha


Iyunga, Mbeya
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kamwene. Jana nimewapa wazee mgongo. Naliandika hili mwanzoni ili kama utaichana barua uichane sasa, usipoteze muda.

Kama bado unasoma, nakushukuru. Salamu za nyumbani ni nzuri. Nimepangiwa kidato cha tano Morogoro, nitapita Iringa mwisho wa mwezi, na nitashuka kukuona hata kama hutaki.

Juzi jioni mama mdogo alikuwa anamenya viazi. Bila kuniangalia akasema, "Bertha, mimi mila za Kihehe nimeolewa nazo tu, sizijui kwa ndani. Ninachojua ni kwamba kikundi hiki kikifa, narudi kitandani na vidonge vyangu. Na wenzangu vilevile. Sikulazimishi." Akaendelea kumenya. Usiku ule nilijiuliza wewe ungekuwapo ungetaka nini. Sikuweza kupata jibu la mgongo. Nilipata moja tu: kabla ya yote ungetaka niwasalimie.

Asubuhi kiwanjani watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Kulikuwa na spika kubwa, mgeni rasmi chini ya turubai, na vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao kama wako sinema. Kikundi chetu kilipoitwa, wazee walijipanga. Sikwenda mbele. Nilikwenda kwa Mzee Obeid, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, nikapiga goti kwenye majani.

"Babu, shikamoo. Naomba ruhusa nikupe mgongo."

Nilitegemea utani. Badala yake akasema, "Marahaba, mjukuu. Tangu tumestaafu tumepewa migongo na wengi, na hakuna aliyebisha hodi. Wewe umebisha. Tupe."

Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu, na wote. Mtangazaji akasema kwenye spika, "Kikundi cha Iyunga, muda!" Mama mdogo akamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Subiri, tunasalimiwa!" Yeye nilimfikia mwisho, akaniambia, "Tupe, ila usiukunje. Ndio tunaousoma."

Basi niligeuka. Mbele yangu kukawa na uwanja mzima wa macho.

Tulianza. Mara vijana wakaanza: "Wameishiwa chaji hao!" "Mtandao unasumbua!" "Bibi, bonyeza upya!" Watu wakacheka. Shangazi, mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Nilijua kwamba nikiongeza mwendo kidogo tu, yataisha mapema. Lakini nyuma yangu kulikuwa na magoti mabovu, na kama ningeharakisha wangeharakisha, na wangeanguka mbele ya watu wale wale. Nikapunguza badala ya kuongeza. Nikamimina ndoo. Nikashika boga. Mkono ulipopanda nikapanda nao, na macho yangu yakapita juu ya vijana wale mmoja mmoja. Wa kwanza kutazama chini hakuwa mimi.

Tulipofika kwenye kusimama mguu mmoja, wangu ulianza kutetemeka. Kichwa kikaniambia, shusha, nani atajua? Lakini walionitazama mgongoni wangejua. Nikalegeza goti, nikatoa pumzi, ukatulia. Sikuweza kugeuka kuona wazee wako vipi. Nikaona tu nyuso za mbele zikibadilika. Kicheko kikakatika. Kijana mmoja akasema, "Aisee, wazee wote wamesimama!" Mwenzake akajaribu kusimama mguu mmoja, akayumba, akaangukia pikipiki, pikipiki ikaangukia nyingine. Uwanja ulilipuka, lakini sasa hawakuwa wanatucheka sisi.

Nikashusha mguu, na nyuma yangu nikasikia miguu yote ikitua kwa pamoja.

Tulipomaliza, watu wazima walisimama kupiga makofi na mgeni rasmi akaomba turudie. Tukarudia! Halafu akanipa kipaza sauti nitaje jina langu. Unakumbuka nilivyokuwa nikinong'ona jina langu darasani mpaka unaitwa shuleni? Jana nilisema, "Naitwa Bertha Kalinga, natoka Kalenga," na sauti ikaenda mpaka barabarani ikarudi.

Mwalimu Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye benchi na miwani yake. Nikamfuata. Akanishika mkono akasema, "Sikuona vizuri, lakini nilisikia miguu. Mmetua kama mtu mmoja." Kisha akasema, "Ila ule mwendo wa mikono ya mawingu umeuharakisha." Vijana wawili wa bodaboda walikuja kuuliza huwa tunaanza saa ngapi. Mzee Obeid akawaambia treni haisubiri mtu.

Shangazi, ruhusa yako sikuipata. Niliitafuta, nikaisubiri, haikuja, nikafanya. Sioni haya. Kama ni kosa, nitalibeba mwenyewe, na nitapiga goti mbele yako ukinitaka. Lakini sitasema kwamba najuta, kwa kuwa hukunifundisha kusema uongo.

Mwanao,
Bertha


Kalenga, Iringa
23 Juni 2024

Bertha mwanangu,

Marahaba. Kamwene. Habari za nyumbani kwanza, kwa utaratibu, si kama ulivyoanza wewe. Baridi imekaza. Mahindi yameingia ghalani. Wameyavuna Selestini na mkewe, kwa sababu utakayoisoma sasa hivi.

Mwanzoni mwa Mei, siku chache kabla ya kupata barua yako ya ombi, niliteleza kwenye kizingiti cha jiko. Nililala pale chini kwa muda, sisikii mtu na hakuna anisikiaye. Aliyepita akaniona ni Selestini, anatoka kwenye ulanzi wake. Kalenga yote hii, na aliyeniinua ni yeye! Tena aliniinua vizuri, hakuyumba hata kidogo, na tangu siku hiyo siwezi kumsema vibaya, jambo linalonipa tabu. Mfupa haukuvunjika, lakini nyonga ilivimba, na baya zaidi niliogopa sakafu. Nilikuwa nashika ukuta kutoka kitandani mpaka mlangoni kama mtoto anayeanza kutembea. Nikamwapisha mke wa Selestini: Marcelino akija, mwambie mimi ni mzima. Nilijua ukisikia utapanda basi siku hiyohiyo, na kikundi chako kife kwa ajili ya nyonga yangu.

Barua zako zote nimezisoma. Ulisema umezoea hasira yangu yenye maelezo, basi haya ni maelezo. Jibu langu lilikuwa hapana. Nilikuwa nimeshalitunga, nasubiri tu niweze kukaa mezani niandike. Kila siku nyonga ilikataa nikae. Ningekaa, ungelipata, na siku ya bonanza usingesimama. Hilo limenikosesha usingizi kuliko maumivu.

Pale kitandani sikuwa na cha kusoma ila barua zako. Ile ya Machi, ya ndoo, niliirudia. Siku moja nikasimama, nikashika nondo za dirisha, nikamimina upande mmoja. Mguu mwingine ukawa mtupu. Nikauinua. Nikaurudisha. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikafanya kesho yake, na kila asubuhi. Mke wa Selestini alinikuta nimesimama nimelikodolea macho dirisha, mikono imeshika boga, akaniuliza kwa kuniandikia kwenye karatasi kama nimebadili dini.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani kwa miguu yangu. Sikushikwa na mtu. Padri aliniona naingia akasahau alikuwa anasoma nini. Nilikaa benchi la mbele.

Sasa nimefika mwisho wa yale ambayo barua inaweza kufundisha. Mikono naichanganya. Selestini na mkewe wameanza kunifuata, na kwa kuwa mimi mwenyewe nakosea, tunagongana wote watatu. Tunahitaji mtu wa kutazama. Nimewaita na akina mama wa jumuiya, Jumamosi asubuhi, uani kwangu. Shuka Iringa Ijumaa, usiniambie habari za basi kujaa, Marcelino nimeshamwandikia.

Watu watakuwa wengi na baridi ni kali, usije ukatupigia magoti mmoja mmoja tukagandia pale. Tusalimie wote kwa pamoja, kisha geuka.

Shangazi yako,
Faustina Kalinga